Waliouzwa Hawakuulizwa: Uonevu wa Zamani Katika Simulizi za Walioonewa



Chini ya migomba ya Marangu na Mamba yamo mapango yaliyochimbwa kwa mkono. Mlango wake ni mwembamba. Mtu huingia ameinama, tena mmoja mmoja, ili adui akimfuata auawe pale pale mlangoni kabla mwenzake hajafika. Ndani njia hupinda, kisha hupanuka ikawa vyumba: pa kulaza ng'ombe, pa kukalisha wanawake na watoto, na matundu ya kupitisha hewa. Mtalii akiteremshwa humo leo huambiwa kwamba wazee wetu walikuwa wakiwakimbia Wamasai na kujificha humo. Ni kweli, ila kweli hiyo haijakamilika. Mara nyingi adui aliyeogopwa alikuwa Mchagga mwenzao wa ng'ambo ya korongo, anayesema lugha wanayoielewa, aliyetumwa na Mangi, yaani mtawala wake. Alifuata ng'ombe, na alifuata watu.

Nimeombwa nizungumze juu ya uonevu wa zamani kama ulivyosimuliwa na walioonewa wenyewe katika historia za maisha yao. Ningeweza kuanza na watumwa wa Marekani, kwa kuwa huko simulizi za aina hii zimejaa maktaba nzima. Nimeanza na mapango kwa sababu nina jambo moja la kusema, na linatuhusu sisi wa mlima huu wa Kilimanjaro. Uonevu wa zamani wa hapa tumeusoma kwa wenye vyeo: ripoti za mabwana shauri, vitabu vya wasafiri, nasaba za Mamangi. Aliyetekwa akauzwa hakuulizwa neno. Tusipomtafuta yeye, historia yetu yote itabaki ni ugomvi wa wakubwa kwa wakubwa.

Mtazameni Rindi, yule ambaye Wazungu walimwita Mandara. Alitawala Moshi ya wakati ule, yaani Old Moshi ya leo, hadi alipofariki mwaka 1891. Charles New alifika kwake mwaka 1871, Harry Johnston mwaka 1884, na wote wawili walikutana na mtu mwenye akili kali, mwenye jicho moja, msemaji hodari aliyekijua Kiswahili vizuri. Mwaka 1889 alituma wajumbe wake hadi Berlin. Hayo tunayasimulia kwa fahari, na fahari ina haki yake. Lakini utajiri wa Rindi ulitoka wapi? Misafara ya Waswahili kutoka Pangani ilipiga kambi kwake na kununua pembe za ndovu na watu. Bunduki, baruti na nguo zikapanda mlimani. Mateka wakateremka, wanawake na watoto kwa wingi, kwa kuwa wanaume aghalabu waliuawa vitani. Sina wa Kibosho, hasimu wake mkubwa, naye alikuwa na vita vyake na mateka wake. Wako walioishia kwenye mashamba ya miwa ya Pangani, na wako waliovushwa bahari.

Simulizi zao ziko wapi? Tuchukue zile zinazojulikana sana za watumwa wa Afrika Mashariki. Swema alikuwa Myao. Rashid bin Hassani na Petro Kilekwa walikuwa Wabisa. Narwimba alitoka kusini-magharibi, katikati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Adrien Atiman, daktari wa Karema, alitekwa mbali kabisa, Afrika Magharibi. Mtoto wa Uru, wa Kirua au wa Ugweno aliyeteremshwa njia ya Pangani hana ukurasa miongoni mwa hizo. Basi inatupasa kuwasikiliza wa kwingine ili tujue wa kwetu angetuambia nini, na ili tujue pia maneno ya mtumwa yalifikaje kwenye karatasi. Hili la pili ndilo watu hulipita mbio, nami naomba tukae nalo kidogo.

Mary Prince alizaliwa kisiwani Bermuda, koloni la Waingereza katika Atlantiki, mnamo mwaka 1788. Siku ya kuuzwa, yeye na wadogo zake walivishwa nguo za mnadani na mama yao mzazi. Baadaye alipelekwa kisiwa cha Grand Turk kwenye mabwawa ya chumvi. Alisimama ndani ya maji makali ya chumvi tangu alfajiri, miguu ikatoka vidonda, na vidonda vikachimba hadi mfupani. Mwaka 1828 mabwana zake walimchukua London, na huko akawatoka. Hakujiandikia mwenyewe kitabu chake. Alimsimulia Susanna Strickland, na Thomas Pringle, katibu wa chama cha kupinga utumwa, akakichapisha mwaka 1831. Wenye mashamba wakasema ni uongo mtupu. Ikabidi wanawake wa Kiingereza wamtazame mgongo, kisha barua iandikwe na kuchapishwa pamoja na kitabu, ikithibitisha kwamba makovu yapo.

Fikirini jambo hilo. Mwanamke ameeleza maisha yake kwa kinywa chake, na bado ngozi yake inaitwa kuwa shahidi wa maneno yake.

Frederick Douglass wa Maryland alijua kuandika, na kitabu chake cha mwaka 1845 alikiandika kwa mkono wake. Hata hivyo kilitoka kikitanguliwa na maneno ya Wazungu wawili wa kumdhamini. Harriet Jacobs, aliyejificha karibu miaka saba kwenye kijidari cha nyumba ya bibi yake asikoweza hata kusimama wima, alichapisha maisha yake mwaka 1861. Wasomi wakakichukulia kitabu hicho kuwa riwaya. Haikukubalika kwamba ni maisha ya mtu wa kweli mpaka miaka ya 1980, Jean Fagan Yellin alipotoa barua na kumbukumbu zilizolingana na maelezo yake. Zaidi ya miaka 100 ilipita mama huyo akidhaniwa kuwa mtu wa kubuniwa.

Kwa hiyo msimulizi dhaifu huhitaji mwandishi, mchapishaji na mdhamini, na kila mmoja wao ana haja yake. Haja hiyo haiifanyi simulizi kuwa uongo. Inatulazimu tuisome kwa makini, tukitafuta yale ambayo mwandishi hakuyahitaji lakini msimulizi hakuyaacha.

Hapa kwetu sijui mfano ulio wazi kuliko wa Swema. Alikuwa mtoto wa Kiyao aliyefikishwa Unguja mnamo mwaka 1865. Maneno yake yaliandikwa na Padre Horner wa Shirika la Roho Mtakatifu, yuleyule aliyeanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, na mwaka 1870 yakatoka Ufaransa kama kitabu cha kuwagusa mioyo wafadhili. Jina la kitabu lenyewe lilitaja kuzikwa akiwa hai, kwa maana hilo ndilo lililowatoa wasomaji machozi: mtoto amefika Unguja mgonjwa hoi, amefungwa kwenye mkeka, akafukiwa juu juu makaburini kwa kuwa hana tena bei, na kijana mmoja mzaliwa wa kisiwa cha Réunion akasikia sauti yake, akamfukua na kumpeleka kwa masista. Kitabu kinakwenda mpaka siku Swema, akiwa misheni, alipotakiwa kumuuguza Mwarabu aliyejeruhiwa, mmoja wa wale waliomtesa, akashindana na nafsi yake mpaka akasamehe. Kwa Padre Horner hicho ndicho kilele. Msamaha wa mtoto mweusi ulithibitisha kazi ya misheni.

Sasa rudini mwanzo wa simulizi hiyohiyo, pale mwandishi anapopita haraka ili afike kwenye kaburi. Baba wa Swema alikufa. Mama akabaki mjane, akakopa nafaka, mavuno yakaharibika, akashindwa kulipa. Mdai wake akaja. Akamchukua mtoto kufidia nafaka yake, akamtia katika msafara wa watumwa uliokuwa ukipita. Mama aliomba achukuliwe naye. Alijitolea kubeba pembe ya ndovu mpaka pwani ili tu asiachane na mwanawe, na mabwana wa msafara wakakubali, kwa kuwa mpagazi wa bure hakataliwi. Njiani nguvu zikamwishia. Akaachwa afe, mtoto akaburutwa mbele.

Humo mna mambo ambayo hakuna bwana shauri aliyepata kuyaandika. Utumwa haukumwingilia Swema kwa mtutu wa bunduki. Ulimwingilia kwa deni la nafaka, kupitia kwa jirani anayejulikana, katika kijiji ambacho mjane hakuwa na mwanamume wa kusimama upande wake. Aliyemuuza hakuwa Mwarabu. Na mama yake alipokuwa akibeba ile pembe, katika hesabu ya msafara hakuwa mtumwa, alikuwa amejitolea. Neno hilo, kujitolea, lina uzito gani kwa mama ambaye mwanawe yumo mbele katika mnyororo?

Katika nchi zetu hizi, Usambara, Upare, Uzigua, hadi pwani, njaa za karne ya 19 zilijaa mambo ya namna hiyo. Mtoto aliwekwa rehani kwa chakula, na rehani isipokombolewa ikageuka kuwa biashara. Ng'ombe walipokwisha kwa sotoka mapema miaka ya 1890, kisha njaa kubwa ya mwishoni mwa miaka hiyo ikafuata, waliokuwa wanyonge walinyongeka zaidi. Anayetaka kuelewa uonevu wa wakati ule aanze na mjane na deni lake, ndipo aende kwenye misafara.

Kuna kisa kingine ambacho napenda kuwasomesha wanafunzi, kwa sababu kinatupa nyumba moja iliyoonwa kutoka pande mbili. Sayyida Salme binti wa Sultani Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na kuolewa na Mjerumani, alichapisha kumbukumbu za maisha yake Berlin mwaka 1886. Ni kitabu chenye uchungu wa kweli wa mtu aliyetengwa na kwao. Lakini Salme ana sura nzima juu ya utumwa, na humo anautetea. Anasema utumwa wa kwao haufanani na ule wa Marekani, kwamba Wazungu wameharakisha kuwafungulia watu wasiojua kujitegemea, na kwamba Waafrika ni wavivu wasiofanya kazi pasipo kusimamiwa. Miongoni mwa dada zake anaowataja yumo Zemzem.

Mwaka 1936, nusu karne baadaye, Margery Perham alitoa kitabu cha maisha ya Waafrika kumi. Mmoja wao ni Rashid bin Hassani, Mbisa aliyetekwa akiwa mtoto, akapitishwa mkono hadi mkono mpaka Unguja, akaingia katika milki ya Bibi Zemzem. Ni dada yuleyule. Baadaye Rashid alibeba mizigo ya misafara kuelekea bara, akazeeka katika dunia ya Waingereza, na uzeeni akamsimulia W. F. Baldock maisha yake. Ukiviweka vitabu hivi viwili juu ya meza moja, nyumba ni ileile na dhahabu ni ileile, ila katika kimoja watumwa ni umati unaopita na sinia, na katika cha pili yupo mtu anayejua alinunuliwaje hata akaingia humo. Salme hakusema uongo alipoandika kwamba alipendwa na watumishi wa kwao. Aliandika alichoonyeshwa, na mwenye nyumba huonyeshwa anachopenda kukiona.

Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, naye aliandika maisha yake, tena kwa Kiswahili chetu, nacho ni Kiswahili kitamu. Mateka humo huhesabiwa pamoja na pembe. Sitakaa naye, amekwisha kusomwa vya kutosha.

Turudi mlimani. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani waliwanyonga watu 19 huko Old Moshi, akiwamo Mangi Meli, mwana wa Rindi, aliyekuwa amewashinda vitani mwaka 1892 kabla ya kushindwa mwaka uliofuata. Walinyongwa pia Ngalami wa Siha na Molelia wa Kibosho. Watu waliletwa watazame. Masimulizi ya Old Moshi husema Meli hakukata roho upesi, na yanataja saa, si dakika. Habari hiyo ilipokewa katika familia kupitia kwa mwanamke, mke aliyebaki, aliyeisimulia kwa wajukuu. Kichwa cha Meli kilikatwa, na ukoo wake umekitafuta Ujerumani kwa miongo mingi. Mwaka 2023 Taasisi ya Urithi wa Utamaduni wa Prussia mjini Berlin ilitangaza matokeo ya vipimo vya vinasaba vya mafuvu manane kutoka Kilimanjaro: moja lililingana kabisa na wazao wa Akida, mshauri wa Mangi Meli, na mawili mengine yakalingana karibu kabisa na familia zilizo hai. La Meli halikuwamo katika hayo yaliyotambuliwa.

Naunga mkono kwa moyo wangu wote mafuvu hayo yarudi, yarudi yote, na haraka. Lakini angalieni nani anatafutwa. Vinasaba vinalinganishwa na vya wazao wanaojulikana, na wanaojulikana ni wazao wa Mamangi na washauri wao. Mafuvu yasiyolingana na mtu ni ya nani? Katika mkusanyo huohuo wa Berlin, uliokuwa na mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki, 202 yalionekana kuwa ya kutoka Tanzania. Ili uitwe kwa jina hata baada ya kufa, ni lazima awepo mtu aliyesimulia maisha yako.

Wajerumani wenyewe waliandika sana. Kodi ya kibanda ilipoanza mwaka 1898, kila mlipaji alihesabiwa. Amri ya mwaka 1896 iliweka viboko visizidi 25 kwa mara moja, ile hamsa ishirini wazee waliyokuwa wakiitaja, na idadi ya waliochapwa ikawa inatolewa katika taarifa za kila mwaka. Walowezi walipochukua ardhi chini ya vihamba, yale mashamba ya ukoo ya migomba, wakahitaji mikono ya kulima, na karatasi za kazi zikatumika kuwabana watu watumike. Reli ya Usambara ilipofika hapa Moshi mwaka 1911, ilifika juu ya jasho la watu ambao hesabu yao ipo na maneno yao hayapo. Mwanafunzi wa historia akiingia katika nyaraka hizo atatoka na takwimu, wala hatapata hata mtu mmoja wa kumwambia namna alivyolala usiku ule baada ya kuchapwa.

Na tujue jambo lingine linalosahauliwa sana. Wajerumani hawakuufuta utumwa katika koloni hili. Waliupunguza polepole kwa hati za uhuru, na wakatangaza kwamba mtoto atakayezaliwa na mtumwa baada ya mwaka 1905 atakuwa huru. Utumwa ulifutwa rasmi Tanganyika na Waingereza mwaka 1922. Unguja ulikuwa umefutwa mwaka 1897, Kenya mwaka 1907. Maana yake, mtu aliyezaliwa mtumwa kisheria katika nchi hii aliweza kuishi hadi akaona Uhuru wa 1961 na Azimio la Arusha. Wako kati yenu mnaonisikiliza ambao bibi zenu waliwajua watu wa namna hiyo.

Kati ya mwaka 1936 na 1938 serikali ya Marekani iliwatuma watu kuzunguka majimbo ya kusini kuwahoji wazee waliowahi kuwa watumwa, na wakaandika simulizi za zaidi ya watu 2,000. Waliohoji walikuwa Wazungu kwa sehemu kubwa. Wazee wengi walichunga ndimi zao mbele yao, na wasomi wamelieleza hilo vizuri. Hata hivyo maneno yapo. Katika miaka hiyohiyo kwetu kilitoka Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, mwaka 1934, juu ya watu kama baba yake waliokombolewa baharini na kukaa Frere Town, Mombasa. Kilisomwa na vizazi viwili vya wanafunzi. Kimelaumiwa, na kwa haki, kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi. Mimi nasema tukisome pamoja na lawama hiyo, kwa sababu ndani ya zile shukrani yamo mambo ya safari na ya njaa ambayo Mbotela aliyapata kwa waliotembea wenyewe. Serikali ya Tanganyika haikuwa na mradi wa kuwahoji wazee kama ule wa Marekani.

Mlimani tuna kitabu cha Mangi Petro Itosi Marealle wa Marangu cha mwaka 1947 juu ya maisha ya Mchagga. Nakiheshimu. Kabla yake, Mwalimu Nathaniel Mtui wa Marangu alijaza madaftari ya historia ya nchi zetu, na karibu kila aliyeandika habari za Uchagga baada yake amekula kwenye sahani yake. Lakini katika madaftari na vitabu vyote hivyo anayesema ni Mangi au mwalimu. Pembe ilipolia watu wakafanye kazi ya Mangi, wanawake walikwenda pia: kukata majani ya kuezekea, kulima, kubeba. Nani alimwuliza mmoja wao siku hizo zilimgharimu nini katika shamba lake mwenyewe?

Narwimba anatupa picha. Maisha yake na ya wanawake wenzake yalichukuliwa na wamisionari wa Moravian wa kusini-magharibi mwa Tanganyika, na Marcia Wright akayarudisha mbele ya wasomaji wa leo. Mume wake alipokufa, Narwimba mwenyewe alitafuta kuchukuliwa na ndugu wa marehemu, kwa sababu mwanamke asiye na mwanamume wa kumdai alikuwa mali ya atakayemwahi. Msomaji wa leo anaweza kukereka: mbona anakwenda mwenyewe chini ya mamlaka ya mume mwingine? Lakini msimulizi anatufundisha kwamba kati ya kuolewa, kuwekwa rehani na kuuzwa palikuwa na mpaka mwembamba, na mwanamke alitumia akili yake yote kubaki upande usiouzwa. Nawasihi mnaoandika juu ya mila za ndoa za Wachagga mkumbuke mpaka huo kabla ya kuita kila ndoa ya zamani kuwa ni mapatano ya koo mbili.

Sasa nataka nionyeshe kwamba simulizi ya maisha haikomei kwenye kuomboleza. Mwezi Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 huko Engare Nanyuki, ng'ambo ya pili tu ya uwanda kutoka hapa, ili nchi yao wapewe walowezi. Nyumba zilichomwa. Wameru wakachanga fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet New York kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa. Alieleza yaliyowapata kwake, akiwa mmoja wao. Mwezi Desemba azimio la kuwaunga mkono lilikosa theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu, na ardhi haikurudi wakati huo. Lakini Kirilo aliporudi akizunguka nchi na kusimulia, watu waliokuwa hawajawahi kuisikia Engare Nanyuki walijiona wenyewe katika maneno yake. Mwaka 1967 kesi hiyo ilichapishwa kuwa kitabu, na waandishi wake ni wawili: Kirilo Japhet na mwanasheria wake Earle Seaton.

Seaton alikuwa na ofisi yake hapa mjini Moshi. Alikuwa mtu mweusi, mzaliwa wa Bermuda, kisiwa kilekile cha Mary Prince. Jambo hili hunigusa kila ninapolifikiria. Mwaka 1831 mwanamke wa Bermuda hakuaminiwa mpaka akaonyesha mgongo. Miaka 121 baadaye mtoto wa kisiwa hicho alisimama upande wa mkulima wa Kimeru, na safari hii msimulizi alikwenda mwenyewe, akasema kwa jina lake, na jina lake likatangulia katika jalada la kitabu.

Nimebakiwa na ombi, na nalielekeza kwa walimu na wazee.

Walimu, msiwatume wanafunzi kwa wazee na dodoso la kujaza. Wapelekeni na daftari tupu, na saa nzima, na wakati wa kurudi tena. Mwulizeni bibi alilala wapi usiku wa kwanza alipoletwa alikoolewa, nani alimpa jina analoitwa, nani alikuwa mtu wa mwisho kula na chakula chake kilikuwa nini. Mwulizeni juu ya deni. Akinyamaza, andikeni kwamba amenyamaza, na baada ya swali gani. Mwandike majina yenu na sababu ya kwenda kwenu, ili msomaji wa miaka 50 ijayo ajue haja yenu ilikuwa nini, kama tunavyoijua leo haja ya Padre Horner.

Kwa wazee neno langu ni gumu zaidi, nami nalisema kwa heshima. Katika koo zetu wamo watu ambao babu yao au bibi yao aliletwa akiwa mateka, akapewa jina, akaozwa au akaoa, akapewa kihamba cha pembeni. Koo zinawajua. Husemwa kwa kunong'ona panapotokea ugomvi wa mipaka au wa mahari, na hapo husemwa kwa kuumiza. Na zimo koo zilizoteka na kuuza. Mlimani mtu aliyekosa hupeleka isale, jani la kuombea msamaha, kwa aliyemkosea, na mwenye kupokea isale hana budi kusikiliza. Kwa waliouzwa isale haijapelekwa, na haiwezi kupelekwa mpaka tujue walikuwa akina nani, walitoka mtaa gani, na wa ukoo gani walibaki wakiwalilia. Mwenye ruhusa ya kutaja habari hiyo kwanza ni mzee wa ukoo wenyewe. Mtafiti akianza yeye itakuwa matusi; mzee akianza, kijana anayenong'onewa ataweza kuuliza swali lake mchana, mbele ya watu, akajibiwa. Nawaomba wale wenye habari hizo wakubali kuandikwa mwaka huu.